Kabla Hujamwita Mganga, Kagua Kizimba

Watoto wanane wamezaliwa jioni, wekundu, hawana hata unyoya, kila mmoja ukubwa wa punje ya karanga. Asubuhi wamebaki watano. Mlango wa kizimba umefungwa kama ulivyoachwa, hakuna tone la damu wala mfupa, na mama yao yupo kwenye kiota anajisafisha masharubu kama kawaida. Anayefuga panya weupe kwa mara ya kwanza akikutana na jambo hili huuliza swali ambalo wenzake wameliuliza kabla yake, na swali lenyewe haliji peke yake. Linafuatana na ndugu zake: panya aliyekutwa amekufa alfajiri, saa tatu anatembea, panya waliolala na masharubu wakaamka wamenyolewa, panya anayesimama kwa miguu miwili akikodolea ukuta usio na kitu. Na kwa sauti ya chini zaidi, mwenye nyumba mwenyewe anauliza kwa nini tangu wanyama hawa waingie anasikia hatua usiku, au anaamka kifua kimebanwa kama kilichokaliwa na mtu.

Makala haya hayagombani na imani ya mtu. Yanagombana na haraka. Nyumba ikishatamka "haya ni mauzauza", ukaguzi unakwisha hapo hapo na kinachofuata ni ubani na kutajana majina. Lakini yule anayecheka na kusema "upuuzi mtupu, mama amezeeka tu" naye ameumaliza ukaguzi kwa njia yake. Wote wawili wanakwenda kulala na chanzo kipo pale pale, na katika baadhi ya mambo tutakayoyataja, chanzo hicho kinaua watu. Kwa hiyo ushauri wote utakaosoma hapa unahusu mpangilio: kipi kikaguliwe kwanza, kipi kifuate, na kitakachobaki bila maelezo uishi nacho vipi.

Mnyama mwenyewe ni nani

Kiswahili kinawatia wengi kwenye neno moja. Panya wa ghalani ni panya, panya buku wa Morogoro anayefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu ni panya, na huyu mdogo mweupe mwenye macho mekundu ni panya. Huyu wa mwisho ana uzito wa gramu 20 hadi 40, huishi karibu miaka miwili, na ni uzao wa panya mdogo wa majumbani aliyefugwa na watu kwa vizazi vingi. Mwaka 1787 kilichapishwa Japani kitabu kizima cha kuelekeza jinsi ya kuwazalisha kwa rangi. Uingereza wafugaji waliunda chama chao mwaka 1895. Mwanzoni mwa karne ya 20, Abbie Lathrop wa Granby, Massachusetts, aliwazalisha kwa ajili ya wapenzi wa wanyama, kisha maabara zikawa wateja wake. Wajapani walikuwa pia na aina iliyosifika kwa "kucheza": panya anayezunguka mahali pamoja kama aliyepandwa na kitu. Baadaye ilijulikana kwamba ana hitilafu ya kurithi katika sikio la ndani. Wako akianza kuzunguka ghafla, bila kuzaliwa hivyo, huo huenda ni ugonjwa wa sikio, na ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo.

La kushika hapa ni udogo. Mwili wa gramu 30 hauna akiba. Kinachompa mtu mzima kiu, baridi kidogo au kichwa kizito kinaweza kummaliza panya usiku mmoja, na ndiyo maana mambo yake huonekana ya ghafla na ya ajabu hata pale yanapokuwa na sababu ya kawaida kabisa.

Watoto waliopotea, mimba isiyo na baba

Waliopotea wameliwa na mama yao, na wameliwa wote, mifupa na ngozi. Mara nyingi mtoto alikuwa amekufa tayari au dhaifu, na mama anasafisha kiota kwa njia pekee anayoijua. Mara nyingine ametishwa: mkono umeingia kiotani siku ya kwanza, kizimba kimehamishwa, maji yameisha usiku, au kuna dume mgeni. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kufunua kiota ili kuhesabu. Usihesabu. Jaza maji na chakula, weka karatasi laini za ziada, ondoka, na acha kubadilisha matandiko kwa wiki moja hivi.

Halafu kuna jike anayezaa "bila dume". Ulimtoa dume kesho yake baada ya uzazi wa kwanza, na wiki tatu au nne baadaye kuna watoto wapya. Hakuna muujiza: jike hupata joto ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, na dume alikuwa bado yupo. Mimba ni siku 19 hadi 21, ingawa huchelewa kidogo jike akiwa ananyonyesha. Dume atolewe kabla ya uzazi, na watoto wa kiume watengwe na mama na dada zao wakifika wiki nne, kwa sababu hawasubiri kukua ndipo wazae. Kinyume chake pia kipo. Ulimwona akipandwa, ukahesabu siku, tumbo halikuja. Mwaka 1959 mtafiti wa Uingereza, Hilda Bruce, alionyesha kwamba jike aliyepandwa karibuni akikutana na harufu ya dume mgeni, mimba yake changa inaweza kukatika. Harufu tu inatosha. Dume mpya uliyemweka kwenye kizimba cha pili, juu ya meza hiyo hiyo, anaweza kuwa ndiye jibu.

Aliyefufuka

Hili lisomwe na kila mwenye watoto, maana ndilo linaloharakisha maziko. Panya mwenye njaa aliyepatwa na baridi hushusha joto la mwili wake hadi likaribie joto la chumba. Moyo unapungua kasi, pumzi hazionekani, mwili unakuwa baridi na mlegevu mkononi. Si kifo, ni mwili unaobana matumizi. Njombe, Lushoto, Limuru au Kabale asubuhi ya Julai hilo linawezekana kabisa ikiwa chakula kiliisha jioni.

Kabla ya kuzika:

- Mfunge ndani ya kitambaa kikavu, umweke kwenye viganja au karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo. Maji ya moto yatamuunguza.
- Usimtilie kitu mdomoni. Asiyemeza husongwa.
- Angalia ubavu, pale nyuma ya mkono wa mbele, kwa dakika kumi bila kuondoa jicho. Pumzi moja inatosha kukujibu.
- Akikakamaa mwili mzima na kubaki hivyo, amekufa.

Akiamka, usiishie kushangilia. Uliza kwa nini alilala njaa. Jibu la kawaida ni wenzake waliomfukuza kwenye chakula, au meno yaliyorefuka mno asiweze kutafuna, au kwamba kila mtu nyumbani alidhani mwenzake amewalisha. Panya wengi hawachimbi shimo, na walezi wengi hawamlishi panya. Zamu ibandikwe ukutani yenye jina la mtu mmoja.

Kinyozi wa usiku na machozi ya damu

Mtu akiamka amenyolewa upande mmoja wa kichwa, pwani na bara watu wanajua hadithi ya uchawi inayofuata. Panya naye akiamka hana masharubu na ana kiraka cha upara puani, hadithi hiyo hiyo inamhamia. Sasa watazame wote walio kizimbani. Utamkuta mmoja ambaye masharubu yake yote yapo. Huyo ndiye kinyozi. Panya anayewatawala wenzake hutafuna manyoya yao, hasa mahali padogo pasipo na la kufanya, na ngozi inayobaki huwa safi bila kidonda. Ikiwa kuna vidonda, magamba au kujikuna, huo ni utitiri au ugomvi, na hapo dawa inahitajika. Kwa kinyozi, ongeza nafasi, mirija ya katoni, gurudumu, vitu vya kutafuna; asipoacha, mtenge.

Machozi mekundu pia hayana damu. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa majimaji yenye rangi nyekundu, na akiumwa au akisumbuliwa rangi hiyo hujitokeza machoni na puani. Ni ishara ya kweli, ila ni ishara ya ugonjwa au karaha, na mara nyingi inaandamana na jambo la tatu ambalo watu hulisikia bila kujua wanasikia nini: tiki, tiki, tiki ndogo gizani, kama saa ya mkononi iliyofunikwa na mto. Mshike panya kwa viganja viwili, umlete sikioni kama simu, nyamaza. Ikiwa sauti inatoka kifuani mwake, ana maambukizi ya njia ya hewa, ambayo kwa panya ni ya kawaida sana na hayaponi kwa kusubiri.

Na hapa tiba ya mauzauza inageuka kuwa ugonjwa wenyewe. Nyumba inayosikia tiki usiku hufukiza ubani, udi au mavumba. Kwa mtu ni harufu ya heri. Kwa mapafu ya gramu 30 yenye maambukizi, ni pigo. Usiku wa pili sauti inaongezeka, wa tatu panya anakufa, na wote wanaafikiana kwamba kilichokuwemo kilikuwa kikali. Anayetaka kufukiza afukize, lakini kizimba kitoke kwanza kwenda chumba kingine chenye dirisha wazi. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza.

Anayekodolea ukuta, anayemwogopa shemeji

"Wanyama huona tusiyoyaona." Ni kweli, na ni kweli zaidi ya wasemaji wanavyodhani. Sikio la binadamu linakomea karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde. La panya linapanda hadi karibu 90,000. Watoto wakipata baridi humwita mama kwa sauti ambayo wewe uliyeketi hatua moja husikii chochote. Madume humwimbia jike huko huko juu. Kwa hiyo panya anaposimama akielekea ukutani, mara nyingi kuna kitu: mjusi ndani ya tofali, panya wa porini darini, chaja ya simu au televisheni inayotoa mlio wa juu. Zima vifaa vya umeme kimoja kimoja uone. Na kama umechomeka ukutani kile kifaa kinachouzwa cha kufukuza panya kwa mlio, huku umeweka panya wako mita mbili pembeni, basi sitaongeza neno.

La shemeji ni zito zaidi kwa sababu linavunja udugu. Panya wanatulia kila mtu akiingia, ila mtu mmoja akitia mguu wanajificha, na minong'ono inaanza: huyu ana nini? Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha matokeo kwamba panya hupatwa na msongo kwa harufu ya wanaume, hata ya fulana tu iliyovaliwa na mwanamume. Harufu ya wanawake haikuwafanya hivyo. Shemeji mwenye paka nyumbani kwake anabeba na harufu ya paka pia. Anuke anavyonuka, hajamkosea mtu.

Hewa: hapa ndipo usifanye mzaha

Sasa tuje kwa mwenye nyumba anayesikia hatua. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha katika jarida la fani yake habari ya familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Walisikia hatua na vishindo, waliona watu wasiokuwepo, walijisikia kukandamizwa kitandani, watoto walipauka, kichwa kiliwauma, mimea ya ndani ikanyauka. Tanuri la kupasha nyumba joto lilipokaguliwa, lilikutwa bovu: moshi wake, badala ya kwenda juu kwenye bomba, ulikuwa ukirudi vyumbani na kaboni monoksidi ndani yake. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na ubongo ulionyimwa oksijeni husikia na kuona mengi.

Huku kwetu tanuri hatuna, tuna jiko la mkaa. Linaingizwa ndani usiku wa baridi, na linaingizwa kwa kosa moja linalofanywa na watu wenye akili timamu kila mwaka: linasubiriwa hadi moshi uishe. Moshi ukiisha watu huona hatari imekwisha. Kumbe makaa mekundu yaliyoiva, yasiyo na moshi na yaliyofunikwa majivu, ndiyo yanayotoa hewa hiyo kimyakimya usiku kucha. Jenereta chini ya dirisha hufanya yale yale.

Panya anaingiaje? Anaingia kwa sababu yeye hutangulia. Miaka ya 1890 John Scott Haldane, mtaalamu wa Uskoti aliyechunguza vifo vya migodini, alishauri wachimba makaa ya mawe wabebe mnyama mdogo, panya au ndege, kwa kuwa anapumua haraka na huzidiwa kabla ya mtu. Ndege ndio waliotumika zaidi, na migodi ya Uingereza iliachana nao mwaka 1986 tu. Basi ukikuta panya wote wamelegea kwa pamoja asubuhi, na wewe kichwa kinakugonga, na mtoto ametapika, na bibi anasema usiku kuna mtu alitembea ukumbini, usipige simu ya kuulizia mganga wala usimwambie bibi ameota. Fanya hivi, kwa mfuatano huu:

1. Fungueni milango, mtoke nje nyote sasa hivi. Panya akiwa mkononi mwako aende. Akiwa chumba cha ndani, usimrudie.
2. Hesabuni watu nje. Aliyelala fofofo huenda hajalala.
3. Nendeni hospitali, na mseme kwa maneno haya: "Jiko la mkaa lilikuwa ndani." Msipotamka, kichwa, kutapika na kulegea vitatafutiwa malaria, na saa zitapita bila oksijeni.
4. Jiko lisirudi ndani. Hata nusu saa. Hata mlango ukiwa wazi kidogo.

Dalili ya kuitambua mapema: mnajisikia vibaya mkiwa ndani, mnapata nafuu mkitoka, na yanawapata wengi kwa wakati mmoja. Lakini usimfanye panya king'ora cha nyumba. Akishalala chini, wewe umeshavuta hewa ile ile; vifaa vya kugundua gesi hii vinauzwa, na ndivyo vya kutegemea.

Kifua kilichobanwa, baada ya hewa

Jiko likiwa halimo, zimebaki njia mbili za kawaida, na zinatofautiana kwa urahisi. Ya kwanza ni pumu au mzio. Mkojo wa panya una protini inayokauka, ikawa vumbi na kupaa. Anayedhurika nayo hukohoa, hupiga chafya, macho humwasha, na hubanwa zaidi baada ya kusafisha kizimba. Ya pili ni jinamizi: umeamka, macho yanaona chumba, mwili haunyanyuki, kuna uzito kifuani na hofu ya mtu aliyesimama karibu. Akili imetangulia kuamka, misuli bado imefungwa na usingizi, na hali hupita kwa sekunde au dakika chache. Huja zaidi kwa aliyekosa usingizi. Na nani anakosa usingizi kama anayelala chumba kimoja na panya wanne, wanyama wa usiku, wenye gurudumu linalolia kama baiskeli isiyotiwa mafuta?

Dawa ya zote mbili ni moja: kizimba kitoke chumba cha kulala. Anayebanwa kila mara aende hospitali hata hivyo. Mjamzito asisafishe kizimba wala asishike matandiko, kwa sababu panya wadogo wanaweza kubeba virusi vinavyodhuru mtoto tumboni. Na panya wa porini wasikutane kabisa na wako. Magonjwa mengi hupitia kwao.

Kizimba kisichozaa maajabu

Mengi ya hapo juu hayatokei pale mambo manne ya msingi yalipo sawa.

- *Matandiko.* Maranda ya fundi seremala ni ya bure na ndiyo mtego: mierezi na misonobari ina mafuta makali yanayoumiza njia ya hewa, na mbao nyingine zimetiwa dawa ya mchwa. Karatasi nyeupe zilizochanwa au nyasi kavu safi zinatosha. Ukiinamia kizimba ukasikia harufu inayochoma pua, umechelewa kubadilisha.
- *Maji.* Gusa kila siku ncha ya chupa. Tone lisipobaki kidoleni, goroli limekwama na wanyama wana kiu huku chupa imejaa.
- *Chakula.* Gramu 3 hadi 5 kwa panya kwa siku: nafaka mchanganyiko, mbegu kidogo, kipande cha mboga, dagaa mmoja mara chache. Mahindi na karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Usiseme "ni za panya tu". Chakula cha kuku kimetengenezwa kwa ajili ya kuku, na kingine kina dawa.
- *Mahali.* Pasipo jua la moja kwa moja. Sanduku la kioo dirishani Dar es Salaam saa saba mchana ni oveni, na vifo vyake ndivyo vinavyoitwa "walikufa wote ghafla".

Majike wakae wawili watatu. Madume wazima wakikaa pamoja mara nyingi hupigana, hata kuuana. Usimnyanyue kwa ncha ya mkia, ngozi inavuliwa kama soksi. Kombe la viganja viwili ndilo sahihi.

Daftari, kwa wanaobisha

"Lisemwalo lipo," msomaji atasema. Lipo, ndiyo. Suala ni lipi. Kumbukumbu ya usiku ina tabia ya kupanga mambo ili yafuatane vizuri, na baada ya wiki mbili za kusimulia, hatua tatu zimekuwa kumi na panya mmoja amekuwa watatu. Kwa hiyo nunua daftari la kurasa 48 na uandike asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kumsimulia mtu: tarehe, saa, umesikia au umeona nini hasa, nani alikuwepo, jiko lilikuwa wapi, umeme ulikuwepo au ulikatika, mvua, panya walikuwa katika hali gani. Usiandike maana yake. "Tiki upande wa kizimba, saa nane usiku, imekoma nilipowasha taa" ni sentensi inayofaa. "Walikuja tena" haifai kitu. Ukitaka kuwatazama bila kuwashtua, funika tochi kwa karatasi nyekundu, maana rangi hiyo hawaioni vizuri.

"Lakini dini yangu inaniambia viumbe hivyo vipo." Makala haya hayakukatazi kuamini. Dua haizuii dirisha kufunguliwa, na hakuna imani inayomtaka mtu alale na jiko la mkaa. "Daktari wa mifugo atanicheka, yeye ni wa ng'ombe na mbuzi." Huenda akacheka, kisha atakusikiliza, hasa ukienda na daftari. Na palipo na chuo cha udaktari wa mifugo, kama Morogoro, Kabete au Makerere, panya si kitu kigeni. Kinachokatazwa ni kugawa kidonge cha mtu kwa kukisia. Nusu ya nusu ya kidonge bado ni nyingi kwa gramu 30.

Litakalobaki

Litabaki. Ukikagua hewa, joto, maji, chakula, wenzake na usingizi wako, bado utakuta kwenye daftari mistari miwili mitatu isiyojibika. Hapo ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu wanadhani jambo lisilo na maelezo lazima liwe na mhusika. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, wakikesha na moto. Kukesha pamoja hakukumdhuru mtu. Kilichodhuru ni kutafuta popobawa katika sura ya binadamu: mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati.

Kwa kizimba chako, mpaka ni huo huo. Unaweza kuacha swali wazi mwaka mzima bila hasara. Usimtaje jirani. Usikubali maneno ya "chuma ulete", yule anayedaiwa kuiba fedha za watu kwa uchawi, yamfuate mtoto shuleni kwa sababu tu anafuga panya weupe. Mwalike anayesema aje aone wanavyolishwa mchana kweupe. Mtoto akisema amesikia kitu, usimcheke na usimkuzie: mpe kalamu aandike saa. Mzee akisema amekandamizwa, muulize kwanza alilala chumba gani na jiko lilikuwa wapi.

Na panya akifa kweli, maana katika miaka miwili atakufa, mzike kwenye kina cha dhiraa moja ili mbwa wasimfukue, au mfunge vizuri umtupe pamoja na matandiko yake. Vaa mifuko ya plastiki mikononi. Kizimba kioshwe kwa maji ya sabuni, kisha dawa ya madoa iliyochanganywa na maji, kikauke juani siku mbili. Mwenzake aliyebaki asiachwe peke yake muda mrefu ikiwa ni jike, lakini mgeni akae kizimba cha pembeni kwa wiki mbili kwanza. Andika tarehe kwenye daftari, na kama alikuwa akitoa ile tiki, andika pia kama imekoma.